Jeanne Mance, Muuguzi Aliyeanzisha Montreal

Mji wa Quebec ulianzishwa mwaka 1608, Trois-Rivières mwaka 1634, na yote miwili ilianza kama vituo vya biashara ya ngozi za wanyama. Montreal ilianza tofauti. Kati ya waanzilishi wake alikuwamo mwanamke asiyekuwa mtawa wala mke wa mtu: mlei, tena muuguzi.

Jeanne Mance alizaliwa Langres, Ufaransa, mwaka 1606. Alijifunza kuuguza wakati wa vita na tauni vilivyoukumba mji wake. Mwaka 1641 alipanda meli huko La Rochelle, akiwa na ahadi ya fedha kutoka kwa mama tajiri, Madame de Bullion, ambaye hakutaka jina lake litajwe. Tarehe 17 Mei 1642 yeye na Maisonneuve, aliyekuwa kiongozi wa msafara, walianzisha makazi waliyoyaita Ville-Marie, yaani Mji wa Maria. Ndiyo Montreal ya leo.

Alianza kuuguza ndani ya boma. Mwaka 1645 hospitali yake, Hôtel-Dieu, ikapata jengo lake. Walowezi waliletwa na majeraha ya mishale, na wenyeji wa nchi ile nao walitibiwa hapo. Jeanne ndiye aliyefunga vidonda, na ndiye aliyetunza hesabu ya kila senti.

Na hesabu hizo ndizo zilizomtia majaribuni. Kufikia mwaka 1651 mashambulizi ya Wairoquois yalikuwa makali kiasi kwamba alilazimika kuiacha hospitali na kurudi bomani. Mji ulikuwa karibu kufa. Madame de Bullion alikuwa ametoa livre 22,000, fedha ya Ufaransa ya wakati ule, kwa ajili ya wagonjwa, si kwa ajili ya askari. Jeanne alimkabidhi Maisonneuve fedha hizo aende Ufaransa kutafuta watu, na hospitali ikapewa ardhi badala yake. Mwaka 1653 walifika wanaume wapatao mia moja, na mji ukapona. Sisi tunaotunza sadaka zilizotolewa kwa kusudi maalumu tunajua uzito wa jambo hilo. Binafsi naona alifanya sawa, maana hospitali isiyo na watu wa kuitumia ni kuta tu. Lakini Askofu Laval hakuridhika, na suala la fedha hizo lilimfuata hadi uzeeni.

Januari 1657 aliteleza kwenye barafu, akavunjika mkono wa kulia. Mpasuaji aliunga mfupa bila kugundua kwamba kifundo kilikuwa kimeteguka pia, na mkono ukabaki hauna kazi. (Wauguzi wenzangu, kagueni kiungo cha juu na cha chini ya mvunjiko!) Alikwenda Ufaransa, na huko Paris, alipokuwa akisali kwenye kaburi la Padre Olier mwaka 1659, alishuhudia kwamba mkono umerudi kufanya kazi. Mwaka huohuo alirejea Montreal na masista watatu wa kuhudumia hospitali, katika meli iliyokuwa na ugonjwa wa kuambukiza. Naye aliugua njiani.

Alifariki tarehe 18 Juni 1673. Kwa muda mrefu Maisonneuve peke yake ndiye aliyeitwa mwanzilishi. Mwaka 2012 jiji la Montreal lilimtambua rasmi Jeanne Mance kuwa mwanzilishi pamoja naye.