Louis Braille: Mtoto asiyeona aliyewapa wenzake maandishi

Na Mwandishi Wetu

KILA ifikapo Januari 4, dunia huadhimisha Siku ya Braille, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2019 baada ya kupitishwa na Umoja wa Mataifa. Wengi wamekwisha kuyasikia maandishi ya nukta nundu, yale yanayosomwa kwa ncha za vidole. Ni wachache wanaofahamu kwamba aliyeyabuni alikuwa kijana wa miaka 15, na kwamba huenda yangepotea kama kijana huyo asingepata marafiki.

Louis Braille alizaliwa Januari 4, 1809 katika kijiji cha Coupvray, mashariki mwa Paris, nchini Ufaransa. Baba yake, Simon-René, alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Siku moja, Louis akiwa na umri wa miaka mitatu, aliingia katika karakana ya baba yake na kuchezea chombo chenye ncha kali cha kutobolea ngozi. Kilimteleza, kikamchoma jicho. Jeraha likaoza, maradhi yakahamia jicho la pili, na alipofikisha miaka mitano alikuwa haoni kabisa.

Wazazi wake hawakumficha ndani. Baba alimchongea fimbo ya kupapasia njia, na kwa msaada wa padri wa parokia akapokewa katika shule ya kijiji, akakaa darasa moja na watoto wanaoona. Alikuwa mwepesi wa kushika kila alichokisikia. Hata hivyo, wenzake walipofungua vitabu na kushika kalamu, yeye hakuwa na la kufanya. Kijiji kilimpenda, lakini hapakuwa na mtoto mwenzake mwenye hali kama yake.

Februari 1819, akiwa na miaka 10, alipelekwa Paris katika Taasisi ya Kifalme ya Vijana Wasioona, shule iliyoasisiwa na Valentin Haüy katika miaka ya 1780. Jengo lilikuwa kuukuu na lenye unyevu, nalo lilikuwa mbali na mama yake. Huko ndiko alikokutana na Gabriel Gauthier, mvulana aliyemzidi umri kidogo. Wakawa marafiki, na urafiki huo haukukatika hadi kifo. Kwa mara ya kwanza Louis aliishi mahali ambapo kutoona hakukumtenga na mtu yeyote, kwa kuwa wote walikuwa hivyo. Walisoma pamoja, na wote wawili walipenda muziki.

Lakini hata pale palikuwa na pengo. Vitabu vyao vilikuwa na herufi za kawaida zilizoinuliwa juu ya karatasi nene. Vilikuwa vichache na vizito, na kuzipapasa herufi moja moja kulichosha. Zaidi ya hayo, mwanafunzi hakuweza kuandika kwa njia hiyo. Marafiki wawili hawakuweza kuandikiana hata barua fupi.

Mwaka 1821 Charles Barbier, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi, alileta shuleni hapo mfumo wa nukta zilizoinuliwa. Ulitumia hadi nukta 12 kwa alama moja, nyingi mno kwa ncha ya kidole, tena uliwakilisha sauti badala ya herufi. Louis aliuchukua na kuufanyia kazi usiku na wakati wa likizo. Kufikia mwaka 1824 alikuwa amezipunguza nukta hadi sita, katika safu mbili za nukta tatu tatu. Mpangilio huo hutoa alama 63, zinazotosha kwa herufi, tarakimu na muziki. Gauthier alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuutumia. Mwaka 1829 mfumo huo ukachapishwa.

Mwaka 1833 Braille, Gauthier na rafiki yao mwingine, Hippolyte Coltat, waliteuliwa kuwa walimu wa taasisi hiyo. Mwaka 1839 Braille alitangaza njia nyingine ya nukta, iliyochora herufi za kawaida, ili asiyeona aweze kuwaandikia ndugu zake wanaoona.

Jaribu kubwa lilikuja baada ya mwaka 1840, pale mkurugenzi mpya, Pierre-Armand Dufau, alipopiga marufuku nukta za Braille. Wanafunzi hawakuziacha. Waliendelea kuzitumia kwa siri na kufundishana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1844, katika ufunguzi wa jengo jipya, zilionyeshwa hadharani na uongozi ukazikubali.

Braille alifariki dunia kwa kifua kikuu Januari 6, 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43. Hakuwahi kuona mfumo wake ukitambuliwa rasmi, jambo lililofanyika nchini mwake mwaka 1854. Mwaka 1952 masalia yake yalihamishiwa Panthéon, jengo wanamozikwa mashujaa wa Ufaransa, lakini mikono yake ilibakizwa Coupvray.

Leo nukta hizo sita hutumika kuandika lugha nyingi duniani, Kiswahili kikiwamo. Kwa mzazi au mwalimu mwenye mtoto aliye tofauti na wengine, maisha ya Braille yana fundisho: huruma ya watu wazima ilimfikisha shuleni, lakini ni wenzake waliomfanya ajione yuko nyumbani, na ndio walioilinda kazi yake ilipokatazwa.