STEFAN KOPEĆ, MWALIMU WA VIWAVI

Muhula uliopita niliokota viwavi watatu kwenye sukuma wiki za shamba la shule, nikawafuga ndani ya chupa. Walikula majani usiku na mchana. Siku moja wakaacha kula, wakajikunyata na kuwa mapupa. Nikajiuliza, hivi ni nani anayewaambia kwamba wakati umewadia? Mwalimu wa Biolojia hakunijibu, alinituma maktaba. Huko ndiko nilikokutana na Stefan Kopeć.

Kopeć alizaliwa mwaka wa 1888, nchi ya Poland ikiwa imegawanywa na kutawaliwa na majirani zake. Alisoma Kraków, na sifa yake ilitokana na uzi tu. Naam, uzi! Alichukua viwavi wa nondo aitwaye Lymantria dispar, akawafunga uzi katikati ya mwili na kuukaza ili damu ya mbele isifike nyuma. Waliofungwa mapema waligeuka pupa sehemu ya mbele tu. Nyuma wakabaki viwavi. Waliofungwa siku za baadaye waligeuka mwili mzima. Kisha akawakata wengine mshipa wa neva, lakini wapi, waligeuka kama kawaida. Alipowatoa ubongo mapema, waliendelea kuishi ila hawakugeuka kamwe.

Basi akakata shauri: ubongo hutoa kitu fulani kinachosafiri kwa damu. Aliyachapisha hayo mwaka wa 1917, na tena kwa Kiingereza mwaka wa 1922. Jamani, wakati huo nani angeamini kwamba kadudu kana homoni? Wengi hawakumtilia maanani. Yeye aliendelea na kazi, kwanza katika taasisi ya kilimo huko Puławy, halafu akawa profesa mjini Warsaw.

Mwaka wa 1939 majeshi ya Ujerumani yaliivamia Poland na chuo kikuu kikafungwa. Mwaka uliofuata Kopeć alikamatwa na kutiwa katika jela ya Pawiak. Mwezi wa Machi 1941 alipelekwa msitu wa Palmiry pamoja na wafungwa wengine, wakapigwa risasi. Nilipofika hapo nilifunga kitabu kwa muda. Mtu aliyehangaikia uhai wa kiwavi aliuawa na watu wasiojali uhai wa binadamu.

Hata hivyo kazi yake haikufa. Ilibainika kwamba homoni ya ubongo huziamuru tezi za kifuani, nazo hutoa homoni nyingine. Mwaka wa 1954 Butenandt na Karlson, wataalamu wa Ujerumani, walitumia mapupa ya nondo wa hariri kilo 500 kupata miligramu 25 tu za homoni hiyo ya pili, ekdisoni. Ni steroidi. Huingia hadi kwenye kiini cha seli na kuamsha jeni za kujivua ngozi na kugeuka.

Ajabu ni kwamba wadudu hawawezi kujitengenezea malighafi ya steroidi. Huipata katika chakula. Viwavi wangu waliipata kwenye sukuma wiki! Mimea nayo ina steroidi zake za kukuzia shina na majani. Mwaka wa 1979 Wamarekani waliipata mojawapo katika chavua, zaidi ya kilo 200, ya mmea wa jamii moja na sukuma wiki, jamii iitwayo Brassica. Ndiyo maana homoni hizo zikaitwa brasinosteroidi. Hizi haziingii hadi kwenye kiini. Hubisha hodi kwenye ngozi ya seli, na ujumbe ukapokezanwa hadi ndani.

Ndugu msomaji, Kopeć hakuwahi kulisikia jina ekdisoni. Alipanda mti, wengine wakala matunda. Nasi tusidharau swali dogo, hata likitoka kwenye chupa ya viwavi. Wangu walitoka vipepeo weupe watatu, nikawafungulia dirisha la bweni.