Daktari aliyegeuza mwanga unaochoma macho kuwa dawa

Ukipita Kariobangi Light Industries unajua sheria: usikodolee macho moto wa fundi anayechomelea geti. Ukikodoa, usiku macho yatawasha kama yaliyomwagiwa mchanga. Kinachokuchoma hasa ni miale ya urujuanimno, ambayo jicho halioni. Jua nalo huitoa. Sasa msee, kuna daktari aliyetumia mwanga wa aina hiyo kutibu watu.

Aliitwa Niels Finsen. Alizaliwa 1860 mjini Tórshavn, visiwa vya Faroe, ambako jua la Desemba huonekana saa tano hivi tu kwa siku. Alisomea udaktari Copenhagen, Denmark, akamaliza 1890. Tayari alikuwa mgonjwa, mnyonge, damu haitoshi, na nyumba yake haikupata jua. Kama keja yako iko Huruma au Pipeline na unawasha taa saa sita mchana, unamwelewa. Akaanza kujiuliza: je, jua lina nini ambacho mwili wangu unakikosa?

Siku hizo TB ya ngozi ilikuwa inakula watu pua na mashavu, hadi wengine wakajificha ndani. Mnamo 1895 Finsen alimchukua mhandisi mmoja ambaye matibabu mengine yalikuwa yamemshinda, akammulika uso kwa umeme unaoruka kati ya vijiti viwili vya kaboni. Huo ni ndugu wa moto wa fundi wako. Baadaye akaunda taa yenye lenzi za kwatzi, maana kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya miale hiyo, na maji ya kupoza joto ili ngozi isiungue. Vidonda vikapona. 1896 akafungua taasisi yake, na mamia wakatibiwa.

Alipopewa Tuzo ya Nobel 1903, alikuwa mtu wa kiti cha magurudumu. Mwaka uliofuata akafariki, umri miaka 43. Alitibu wengine, wake ukamshinda.

Leo TB hutibiwa kwa vidonge, bure katika hospitali za umma, kwa hivyo ukikohoa wiki mbili usingoje jua likuponye. Na wewe fundi, miwani ya jua ya Gikomba haitoshi, tafuta barakoa ya kuchomelea. Finsen alipima mwanga wake, akauchuja, akauelekeza penye kidonda. Wako unaruka ovyo, na macho ni mawili tu.