Charles Darwin na mbawakawa wa chini ya magome

Wengi tunamfahamu Charles Darwin kwa nadharia ya mageuko, lakini mazoezi yake ya awali yalikuwa kuwasaka wadudu. Alizaliwa Shrewsbury, Uingereza, mwaka 1809. Aliacha masomo ya udaktari, na mwaka 1828 akaenda Cambridge kusomea uchungaji. Huko akanogewa na mbawakawa.

Mbawakawa wa ardhini wengi huwinda usiku. Mchana hujificha chini ya magome na majani makavu. Siku moja Darwin alibandua gome, akakamata wawili, mmoja kila mkono. Mara akamwona wa tatu, adimu zaidi. Akatia mmoja kinywani, naye akamwaga maji makali yaliyomuunguza ulimi. Akamtema, na yule adimu akampotea.

Hakukata tamaa. Alimlipa kibarua amkusanyie kuvumwani wa miti mikongwe wakati wa baridi, pamoja na takataka za mashua zilizobeba matete. Ili ampate mdudu, ilimbidi ajue anakoishi.

Mwaka 1831 alisafiri na meli ya Beagle, na mwaka 1859 akachapisha kitabu chake kuhusu asili ya spishi. Baba yake, aliyehofia kijana huyu angeiaibisha familia, alikuwa ameshafariki.