Katharine Drexel: Alitoa Mali, Akaombwa Nafsi Yake

Wengi wetu hudhani kwamba tukiisha kutia sadaka kapuni, wajibu wetu umekwisha. Safari hii twawaletea habari za mwanamke aliyejifunza kwamba sivyo.

Katharine Drexel alizaliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1858. Baba yake alikuwa mwenye benki. Mama yake wa kambo aliwafungulia maskini mlango siku tatu kila juma, naye Katharine na ndugu zake wawili wakamsaidia kugawa. Baba alipofariki mwaka 1885 aliacha karibu dola milioni 15. Sehemu ya kumi ilikwenda kwenye kazi za huruma; mapato ya iliyobaki yakawa ya mabinti.

Katharine akaanza kutoa fedha za kujenga shule za Wahindi Wekundu, wenyeji wa asili wa nchi ile. Lakini majengo peke yake hayafundishi. Mwaka 1887 alikwenda Roma kumwomba Papa Leo wa 13 awapelekee wamisionari. Papa akamwuliza mbona asiende mwenyewe. Swali hilo lilimchoma moyo. Hata askofu aliyemshauri alikuwa amemzuia asiingie utawa, akiona hataweza shida zake.

Mwaka 1889 aliingia, na mwaka 1891 aliweka nadhiri na kuanzisha Shirika la Masista wa Sakramenti Takatifu, ili kuwatumikia Wahindi Wekundu na Wamarekani weusi. Siku zile weusi walitengwa na weupe. Huko Nashville, mwaka 1905, aliyemwuzia nyumba alitaka kuvunja mapatano alipojua kwamba itakuwa shule ya wasichana weusi. Katharine hakurudi nyuma. Huko New Orleans shule aliyoianzisha mwaka 1915 ikawa chuo mwaka 1925, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Xavier.

Yeye aliyetoa kama dola milioni 20 alivaa viatu vyenye viraka. Alifariki mwaka 1955, umri wake miaka 96. Wosia wa baba ulikuwa umeagiza kwamba mabinti wasipoacha watoto, mali iende kwa mashirika aliyoyataja. Shirika la Katharine halikutajwa, maana lilikuwa bado kuanzishwa. Basi fedha zikakoma siku ile. Waliobaki ni masista wapatao 500, wakaendelea na kazi. Mwaka 2000 Kanisa la Roma lilimtangaza mtakatifu.

Ndugu, tusiache kutoa sadaka. Lakini kapu likiisha kupita, tujiulize: je, sisi wenyewe tumekwisha kutolewa?