Eric Liddell: Bingwa wa Olimpiki aliyeacha sifa akaenda kufundisha Uchina

Ukipita Ikonge, Kaunti ya Nyamira, Jumamosi asubuhi, hutakosa kukutana na familia zimevalia nadhifu zikielekea kanisani, Biblia mkononi. Wengi huku ni Wasabato. Kwa kijana Msabato mwenye miguu ya kukimbia, siku hiyo ina shida yake, maana mashindano mengi hupangwa wikendi na hakuna anayengoja jua litue. Mitihani nayo iliwahi kuleta mvutano uliofika hadi Mahakama ya Rufaa, ambayo mwaka 2017 iliwaunga mkono wanafunzi Wasabato.

Kijana wa aina hiyo akisimuliwa habari za Eric Liddell, hahitaji kufafanuliwa sana. Tofauti ni siku tu. Ya Liddell ilikuwa Jumapili.

Sasa, wengi wanajua nusu ya kisa chake, ile ya Paris, kwa sababu mwaka 1981 ilitengenezewa filamu iliyoshinda tuzo ya Oscar. Nusu ya pili ilitokea Uchina, na kwangu mimi hiyo ndiyo yenye uzito.

Uchina haikuwa ugenini kwake. Alizaliwa huko, katika mji wa Tianjin, Januari 16, 1902. Wazazi wake walikuwa wamishonari kutoka Scotland, waliotumwa na London Missionary Society. Alipokuwa na miaka sita, yeye na kaka yake Rob wakaachwa katika shule ya bweni ya watoto wa wamishonari huko Uingereza, wazazi wakarudi kazini. Hebu fikiria: mtoto wa miaka sita, baba na mama wako ng'ambo ya bahari, na barua inachukua wiki nyingi kufika.

Shuleni ikaonekana kwamba kijana ana mbio. Akiwa Chuo Kikuu cha Edinburgh aliichezea Scotland raga mara saba, kisha akaamua kushika riadha. Mwaka 1923 alianza pia kusimama mbele ya watu kuhubiri. Hakuwa msemaji wa kutikisa ukumbi, lakini watu walijaa kumwona yule mwanariadha.

Ikaja Olimpiki ya 1924. Mbio zake zilikuwa mita 100. Ratiba ilipotoka, miezi kadhaa mapema, mchujo ulikuwa umewekwa Jumapili, Julai 6. Akasema hakimbii. Ile ya filamu, eti aliligundua jambo hilo akiwa tayari njiani kwenda Paris, ni chumvi tu ya watengenezaji. Magazeti yalimshambulia, wengine wakamwona kama anaisaliti nchi. Jumapili hiyo alikuwa kanisani Paris, akihubiri. Dhahabu ya mita 100 ikaenda kwa Mwingereza mwenzake, Harold Abrahams.

Liddell alipata shaba katika mita 200, halafu Ijumaa, Julai 11, akaingia fainali ya mita 400, mbio ambazo hazikuwa zake hasa. Alipewa mstari wa nje kabisa, ambako humwoni mpinzani yeyote. Aliondoka kama mtu wa mita 100, na waliojua mbio wakaona atakatika njiani. Wapi! Alimaliza kwa sekunde 47.6, rekodi ya Olimpiki. (Gusii mita 400 tunazielewa: timu ya Kenya iliyotwaa dhahabu ya kupokezana vijiti Munich mwaka 1972 ilikuwa na Charles Asati, Hezekiah Nyamau na Robert Ouko, wote wa huku, pamoja na Julius Sang.)

Hapo ndipo watu wengi hufunga kitabu. Lakini mwaka uliofuata, akiwa na miaka 23 na jina kubwa Uingereza nzima, Liddell alirudi Tianjin kufundisha sayansi na michezo katika shule ya wavulana wa Kichina, na kuongoza madarasa ya Biblia. Alikaa hapo zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1932 alibarikiwa kuwa mchungaji, na 1934 akamwoa Florence Mackenzie, binti wa wamishonari kutoka Kanada.

Mwaka 1937 Japani ilipoivamia Uchina, yeye akahamia Xiaochang, mashambani, ambako Rob alikuwa daktari. Alizunguka vijijini kwa baiskeli katikati ya majeshi. Safari moja alimchukua kwa mkokoteni Mchina aliyekatwa shingo kwa upanga na kuachwa akidhaniwa amekufa. Mtu huyo alipona. Kumbe alikuwa mchoraji, akamchorea Liddell picha ya ua.

Mwaka 1941 hali ilipozidi kuwa mbaya, alimpeleka Florence Kanada, mjamzito, pamoja na mabinti wao wawili. Yeye akabaki. Mtoto wa tatu, Maureen, alizaliwa huko na hakuwahi kumwona baba yake.

Machi 1943 Wajapani walimfungia katika kambi ya Weixian, mkoa wa Shandong, pamoja na mamia ya wageni wengine. Baadaye waliletwa watoto wa shule ya Chefoo, wengi wao wakiwa hawajawaona wazazi wao kwa miaka. Hali hiyo aliijua tangu akiwa na miaka sita. Akawafundisha hesabu na sayansi, akawapangia michezo. Walimwita Anko Eric.

Ila Jumapili hakukuwa na mchezo. Vijana walichoshwa na uzio, wakajipangia wenyewe mechi ya magongo siku hiyo. Bila refa, ikaishia kwa ngumi. Jumapili iliyofuata walimkuta Liddell uwanjani, na ndiye alikuwa refa.

Yule aliyekataa mita 100 za Olimpiki! Paris angekiuka imani yake kwa ajili ya medali yake mwenyewe. Weixian hakuwa na cha kupata, na nadhani uamuzi huu wa pili ulimgharimu zaidi.

Alifariki kambini Februari 21, 1945, kwa uvimbe kwenye ubongo, akiwa na miaka 43. Siku hiyohiyo alikuwa amemwandikia mkewe barua. Kambi ilikombolewa Agosti.

Majuma machache kabla ya kufa, alimpa kijana mmoja, Stephen Metcalf, viatu vyake vya kukimbilia, vikuukuu na vyenye viraka, kwa kuwa vya Metcalf vilikuwa vimekwisha na ilikuwa baridi. Alikuwa pia amewafundisha vijana hao kuwaombea walinzi wao Wajapani. Metcalf alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake. Baada ya vita alikwenda kuhubiri, na nchi aliyoichagua ni Japani.