Mtu Aliyepima Kusahau Kwake

Muhula uliopita nilikesha usiku mmoja nikisoma historia. Siku chache baadaye sikukumbuka hata nusu. Nikajiona mjinga, mpaka niliposoma habari za Bwana Hermann Ebbinghaus.

Alizaliwa mwaka 1850 mjini Barmen, Ujerumani. Alitunga silabi zipatazo 2,300 zisizo na maana, ili asisaidiwe na mambo aliyokwisha kuyajua. Alizikariri kwa mwendo ule ule, akangoja, kisha akajifunza tena na kupima muda aliouokoa. Aliona kuwa baada ya saa moja zaidi ya nusu ya faida imepotea. Baada ya siku 31 imebaki kama sehemu moja katika tano. Tena, kurudia kidogo kidogo kwa siku kadhaa kulishinda kurudia sana siku moja. Kitabu chake kilitoka mwaka 1885. Alifariki mwaka 1909.

Lakini aliyepimwa alikuwa mtu mmoja tu, naye ni yeye mwenyewe! Je, tumwamini? Wengine walirudia jaribio lake, hata mwaka 2015, wakapata karibu yale yale.

Basi, wenzangu, kusahau si ujinga. Siku hizi sikeshi. Narudia somo kesho yake.